Kuvalisha upya kochi la mviringo, kutoka fremu hadi kitambaa cha chini

Kochi linalozungumziwa hapa ni la mtu mmoja, ambalo mgongo na mikono yake ni ukuta mmoja uliopinda. Waingereza huliita tub, Wamarekani huliita barrel, na Wafaransa wana lao fupi la karne ya 19, lililovikwa kitambaa hadi chini bila mbao kuonekana, waliloliita crapaud, yaani chura. Kwenye karakana za Keko, Dar es Salaam, au kando ya Barabara ya Ngong, Nairobi, mteja huonyesha picha kwenye simu, anasema anataka kochi la mviringo, na fundi anaelewa. Swali la kumrudishia ni moja: ukingo wa juu uwe kimo kimoja mzunguko mzima, au uteremke kutoka mgongoni kuja mikononi? Jibu lake hubadilisha ukataji na hata namna ya kufunga mgongo wa nje.

Fundi aliyezoea sofa za pembe nne huliona dogo, akadhani ni kazi ya asubuhi moja. Si hivyo. Mzoefu huhitaji siku mbili, mbali na muda wa gundi kukauka, na sehemu kubwa ya muda huo huishia kwenye kipande kimoja tu cha kitambaa: kile cha mgongo wa ndani.

Umbo kwanza

Tazama ukuta wa ndani. Mzunguko wake mfupi zaidi uko katikati, pale mgongo wa mkaaji unapogusa. Kitambaa kikipanda juu kinapinduka kwenda nje kuvuka ukingo, ambako mzunguko ni mrefu zaidi. Kikishuka, kinapenya nyuma ya kiti kwenda kupigwa pini za stepla kwenye fremu, na huko nako mzunguko ni mrefu zaidi. Kwa hiyo kipande kilekile kinadaiwa kiwe kifupi katikati na kirefu juu na chini. Hesabu yake haina ugumu: kwa nusu duara, kila sentimita moja unayotoka nje huongeza urefu kwa sentimita 3.14. Ukingo wenye unene wa sentimita 5 unadai karibu sentimita 16 zaidi upande wa nje kuliko wa ndani. Kitambaa kisichonyumbulika hakina pa kuzitoa.

Ndiyo maana makochi mengi ya aina hii yana mifereji ya wima au vifungo vya kuzama: ziada ya katikati hujificha kwenye mikunjo hiyo. Anayetaka mgongo laini usio na mfereji wala kifungo anaomba kazi ngumu zaidi, hata kama kwa macho inaonekana rahisi, na bei yake isiwe ya chini.

Kutokana na umbo hilo, shika kanuni moja hadi mwisho: mvuto mkubwa uwe wa wima, wa mlalo uwe wa kuondoa ulegevu tu. Ukivuta kwa nguvu kushoto na kulia, kitambaa hupita njia ya mkato badala ya kufuata pindo la ukuta. Kinaachana na sponji na kubaki kikielea kama ngozi ya ngoma. Kwa macho ya karakana kinapendeza, kimenyooka. Mtu akikaa, kinabonyea, pini za kando zinavutwa, na baada ya wiki chache kimelegea.

Kagua kabla ya kununua kitambaa

Pindua kochi, banua kitambaa cheusi cha chini, umulike ndani kwa tochi. Unga laini wa mbao chini ya matundu madogo ni kazi ya bungua; tundu jeupe lenye unga mpya maana yake bado wamo. Piga dawa, acha ikauke, na kipande kilichokwisha kuwa sifongo kibadilishwe, usikijaze gundi.

Kisha shika ncha za mikono miwili, vuta kwenda nje, sukuma ndani. Fremu nzima ikisogea kwa pamoja ni sawa. Ncha moja ikicheza peke yake zaidi ya nusu sentimita, kiungo kimeachia. Kinachoachia mara nyingi ni pale nguzo za mbele zinapokutana na tao la juu, kwa sababu watu hupenda kukalia mikono.

Angalia pia tao lenyewe limetengenezwa na nini. Mbao nzima iliyochongwa tao ina udhaifu wake: pale pindo lilipo, nyuzi za mbao hukatwa kwa mshazari, na hapohapo ndipo hupasuka. Plaiwudi ya milimita 18, vipande viwili vilivyobandikwa pamoja, hushinda. MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, hubeba umbo vizuri lakini pini na skrubu zinazoingia ukingoni mwake hutoka kirahisi; fremu ya MDF ikishafunguliwa, kazia ndani ya kila kiungo kwa kijiti cha mbao ngumu chenye gundi na skrubu mbili.

Fremu ikiwa imeoza katika viungo zaidi ya vitatu, mwambie mwenye mali ukweli kwamba nusu ya gharama itaingia mahali pasipoonekana. Aamue mwenyewe.

Kuvua

Vitambaa huvuliwa kwa mpangilio ulio kinyume cha uvalishaji: cha chini, mgongo wa nje, pande za nje, mto, uso wa mbele wa kiti, na mgongo wa ndani mwisho. Tumia bisibisi bapa iliyonolewa kidogo na koleo la kuvutia. Elekeza bisibisi sambamba na nyuzi za mbao. Ukibanua kwa kukatiza nyuzi, ukingo unamomonyoka na pini mpya hazitakuwa na pa kushika.

Piga picha kila hatua, hasa pale kitambaa kinapopenya kati ya kiti na mgongo. Andika kwa chaki kwenye kila kipande jina lake, mshale wa juu, na mstari wa katikati. Usitupe chochote hadi kochi jipya limekamilika. Vipande vya zamani ni patani (kiolezo cha kukatia) nzuri ya umbo, si ya vipimo: vimeshanyooka kwa miaka, vingine kwa sentimita 2, na vimekatwa pembeni baada ya kupigwa pini. Ongeza sentimita 5 kila upande unaovutwa na sentimita 1.5 kila upande unaoshonwa.

Fremu na kiti

Viungo vilivyoachia vifungue kabisa, ukwangue gundi ya zamani, upake gundi nyeupe ya mbao, kisha ubane. Kibanio cha kawaida hakishiki umbo la duara, kinateleza. Chukua tyubu ya baiskeli, ikate iwe ukanda mrefu, izungushe fremu mara tatu au nne huku ukiivuta. Hubana sawasawa pande zote. Acha saa 24. Matundu ya pini za zamani yaliyosongamana yazibe kwa vumbi la msumeno lililochanganywa na gundi.

Kwa kiti, springi bapa za zigizaga zinatosha. Upana wa ndani wa sentimita 50 unataka springi 4 au 5, umbali wa sentimita 10 hadi 12 kutoka moja hadi nyingine. Kwa kuwa mbao ya nyuma ya kiti imepinda, urefu wa springi haulingani: ya katikati ndiyo ndefu, za pembeni fupi. Zikate hivyo. Anayekata zote urefu mmoja hujikuta za pembeni zimevimba juu na ya katikati imenyooka, na mkaaji anatumbukia. Kila moja ikishafungwa iinuke sentimita 3 hadi 4 katikati. Klipu zinazoshika ncha za springi kwenye fremu ziwe na plastiki ndani; chuma kwa chuma hulia kila mtu anapokaa. Ziunge springi kwa kamba ya katani au waya uliovikwa karatasi kutoka kushoto kwenda kulia, mistari miwili, kisha tandika gunia zito na ulipige pini pande zote.

Siku hizi kuna makochi mengi ambayo chini ya sponji pana ubao mtupu wa plaiwudi. Ni rahisi na hayalii, lakini sponji hubeba kazi yote peke yake na huchoka mapema. Ukikuta ubao huo na mteja hana fedha ya springi, ukate dirisha la sentimita 35 kwa 35 katikati, upige mikanda ya mpira ya sentimita 5 kwa kufumana. Ivute kila mkanda hadi urefu wake uongezeke kwa takribani sehemu moja ya kumi. Mikanda mitatu kwa mitatu inatosha.

Ukuta wa mgongo, kama hauna hadibodi ndani, nao hupigwa mikanda. Hapa kanuni ya wima inarudi: mikanda ya mgongo ipande kutoka mbao ya chini kwenda tao la juu, isizungushwe mlalo. Mkanda wa mlalo ukivutwa hunyooka kutoka nguzo hadi nguzo, na ule mviringo uliomleta mteja dukani umepotea kabla hata sponji haijawekwa. Acha nafasi ya sentimita 3 kati ya mbao ya chini ya ukuta na fremu ya kiti. Ndiyo njia ya kupitishia kitambaa.

Sponji

Ukisoma lebo ya sponji utakuta uzito kwa mita ya ujazo. Kiti kipewe kilo 30 hadi 35, unene wa sentimita 10. Mgongo unatosheka na kilo 22 hadi 25, unene wa sentimita 4. Ukingo wa juu na mikono, sentimita 2. Uzito si sawa na ugumu: sponji nyepesi inaweza kutengenezwa ngumu, ukaibonyeza dukani ukaridhika, lakini hudidimia mapema kwa sababu ndani ina malighafi kidogo. Usinunue kwa kidole gumba peke yake.

Kukunja sponji nene ndani ya mviringo huleta mikunjo usoni, kwa sababu uso wa ndani unalazimishwa kuwa mfupi. Badala ya kipande kimoja cha sentimita 4, weka viwili vya sentimita 2. Cha kwanza kikate kwa kipimo cha ukuta. Cha pili kikate pungufu kwa sentimita 6, kwani ndicho kiasi ambacho nusu duara hupoteza kwa kila sentimita 2 za unene, liwe kochi kubwa au dogo. Sehemu zilizonyooka za mikono hazipunguzwi kitu. Viungo vya tabaka la kwanza visikutane na vya tabaka la pili.

Ukibaki na sponji nene moja tu, ichane mgongoni mwake kwa wembe, mistari ya wima kila sentimita 5, kina cha theluthi mbili ya unene. Ukiipinda, mipasuko hufunguka upande wa ukuta na uso hubaki laini. Wengi huchana upande wa usoni wakidhani wanaipunguzia mikunjo, na mistari ile hujichora juu ya kitambaa ndani ya mwezi.

Gundi ya sponji hupakwa pande zote mbili, husubiriwa hadi iguse kidole bila kukifuata, dakika 3 hadi 5 kulingana na joto, ndipo sponji hubandikwa kuanzia katikati kwenda pembeni. Fungua madirisha. Gundi hizi nyingi zina kiyeyusho kinachoshika moto, kwa hiyo jiko la mkaa la chai likae mbali.

Juu ya sponji tandaza pamba nyepesi ya poliesta, ile inayouzwa kwa mita. Haiongezi ulaini kiasi cha kusifiwa. Kazi yake ni kumfanya kitambaa ateleze juu ya sponji wakati wa kuvuta. Kwenye sponji tupu kitambaa hunata, unavuta chini na juu hakijui.

Kitambaa kipi, kiasi gani

Jaribio la dukani: shika kitambaa kwa kona mbili zinazokabiliana, uvute kwa mshazari. Kikinyumbuka na kurudi, kitafuata mviringo. Kikibaki kigumu kama turubai, usikipeleke kwenye mgongo laini. Kifanyie mifereji au mgongo wa vipande vitatu. Ngozi bandia iangalie mgongoni: yenye kitambaa cha kufumwa kama fulana hunyumbuka, yenye kitambaa kigumu cha nyuzi zilizobanwa haikubali. Kwa miji ya pwani, ngozi bandia ya poliyurethini huwa inachubuka vipandevipande kwa unyevu na joto. Ya PVC hudumu zaidi ila hunata na jasho. Mahameli hukaa vizuri, mradi vipande vyote vikatwe manyoya yakielekea chini. Kipande kimoja kikigeuzwa, kitaonekana rangi nyingine kabisa taa ikiwashwa.

Michirizi na miraba iepuke. Mistari ya mlalo itapinda kama tabasamu, ya wima itatanuka juu, na mteja atasema umekata vibaya.

Kwa kitambaa cha upana wa sentimita 140 na kochi la upana wa sentimita 70 hadi 75, kimo kama hicho, mpango wa kukata unaokubali ni huu, vipimo vyote kwa sentimita:

Mgongo wa ndani, upana 135 kwa kimo 70, hula 70 za urefu wa kitambaa.
Mgongo wa nje katikati 80 kwa 65, pamoja na upande mmoja wa nje 45 kwa 65: 65 nyingine.
Upande wa pili wa nje 45 kwa 65, na uso wa mbele wa kiti 75 kwa 30: 65.
Mto, juu na chini, 62 kwa 62 kila kimoja: 62.
Ukanda wa ubavu wa mto, vipande viwili vya 13 kwa 140: 26.
Paipini, yaani kamba iliyovikwa ukanda wa kitambaa ya kupamba mishono, ukanda ukikatwa kwa mshazari: 50.

Jumla ni mita 3 na sentimita 38. Nunua mita 3 na nusu. Kitambaa chenye maua makubwa kiongezewe urefu wa ua moja kwa kila kipande kinachoonekana kwa mbele, yaani mgongo wa ndani, mto na uso wa kiti. Sehemu ya kiti iliyo chini ya mto haihitaji kitambaa cha bei. Merikani, kitambaa cha pamba cha kawaida, inatosha, ukiacha ukanda wa sentimita 12 wa kitambaa chenyewe kwa mbele.

Mgongo wa ndani

Usianze na kitambaa cha mteja. Chukua merikani, ikate 135 kwa 70, ifanyie hatua zote zifuatazo kwa pini za kushikiza. Pale inapojikusanya katikati, ibane kwa vidole na uchore kwa kalamu. Ukiivua utaona wazi ni kiasi gani kinatakiwa kupungua na wapi. Ziada ikiwa ndogo, mnyumbuko wa kitambaa utaimeza. Ikiwa kubwa, gawa mgongo vipande vitatu, mishono ikae pale mkono unapoanza kupinda kuwa mgongo, na kila ukingo wa mshono uchongwe uingie ndani sentimita 1 hadi 2 kwenye kimo cha katikati. Mshono huo ndio unaompa kipande kiuno chake.

Kisha kitambaa chenyewe:

1. Chora katikati kwenye tao la juu, kwenye mbao ya chini, na kwenye kitambaa. Linganisha. Piga pini moja ya kushikiza juu katikati, stepla ikiwa imeinamishwa ili pini isizame yote.

2. Shuka, pitisha kitambaa kwenye ile nafasi ya sentimita 3, vuta kwa kiganja kizima, piga pini chini katikati. Vuta hadi sponji ianze kukubali, isibanwe ikawa bapa.

3. Nenda sentimita 10 kushoto, juu na chini. Rudi sentimita 10 kulia, juu na chini. Endelea hivyo kwa kupishana hadi mikononi. Anayemaliza upande mmoja kwanza huusukuma ulegevu wote upande wa pili, na hapo hautoki tena.

4. Ukifika kwenye nguzo za fremu, chana kitambaa kuielekea nguzo, simama sentimita 1 kabla yake, na mwisho wa mchano ugawe kama herufi Y kwa upana wa nguzo. Ulimi wa katikati hukunjwa ndani, mabawa mawili hupita pande zote za nguzo.

5. Sehemu ya chini inayopenya ndani haitalala mpaka ichanwe: michano midogo kila sentimita 5, ikiishia sentimita 1.5 kabla ya mstari unaoonekana. Fanya vivyo hivyo kwenye ukingo wa juu kwa upande wa nje. Kumbuka huko mzunguko ni mrefu. Michano itafunguka iwe kama meno. Ukiona badala yake kitambaa kinarundikana mikunjo, umekivuta mlalo.

6. Kaa mbele ya kochi, pitisha kiganja kutoka katikati kwenda mikononi. Ondoa pini za kushikiza moja moja, vuta, piga za kudumu kila sentimita 2.

Pini za milimita 10 zinafaa vitambaa vingi, za 14 kwa mikanda na gunia. Stepla ya upepo ikae kati ya bar 5 na 6. Zaidi ya hapo pini hukata kitambaa chembamba badala ya kukishika. Pwani, kuanzia Tanga hadi Mombasa na visiwani, tumia pini zisizoshika kutu. Alama za kahawia zinazotokea ukingoni mwa kochi jeupe baada ya masika ni kutu ya pini.

Ukingo wa juu kwa kitambaa kigumu: usilazimishe kupindua. Kata ukanda wa peke yake wa kufunika ukingo, ushone kwenye mgongo wa ndani ukiwa na paipini katikati. Zile sentimita 16 zinakuwa zimetatuliwa kwenye patani, na misuli yako inapumzika.

Mto na mgongo wa nje

Patani ya mto haipatikani kwa futi. Bonyeza karatasi ngumu au magazeti yaliyounganishwa ndani ya kiti, chora kwa kufuata ukuta, kunja katikati, kata pande mbili kwa pamoja ili kushoto na kulia vifanane. Ongeza sentimita 1.5 za mshono. Sponji yenyewe iwe kubwa kuliko ganda la kitambaa kwa sentimita 1 mzunguko mzima, la sivyo kona za mbele zitabaki tupu. Tia alama za mkato mbele katikati, nyuma katikati na kwenye robo zote, kwenye uso wa juu, wa chini na ukanda wa ubavu. Bila alama hizo, cherehani huuvuta uso mmoja na mto unatoka umejipinda. Zipu ikae nyuma, iwe ndefu kiasi cha theluthi moja ya mzunguko. Fupi zaidi ya hapo, sponji haiingii bila kupasua mshono.

Kabla ya mgongo wa nje, funika fremu kwa gunia au merikani na tabaka la pamba. Ukiruka hatua hii, goti la mtoto au ncha ya ufagio itapenya, na mbao zitajichora mchana wa jua. Paipini hupigwa kwanza kwenye mstari wa juu. Kitambaa cha nje huwekwa kimegeuzwa juu ya mstari huo, ukanda wa kadi wa upana wa sentimita 1.2 hulazwa juu yake na kupigwa pini, ndipo kitambaa huangushwa chini na kufunika kila kitu. Kwa ukingo wa kimo kimoja kadi hufuata mzunguko bila shida. Kwa ukingo unaoteremka, kadi inalazimika kupinda kwa ubavu wake na inagoma. Ichane kila sentimita 2 upande wa chini. Mishono ya wima ya pembeni fungia kwa sindano ya kupinda na uzi wa nailoni, mishono ya milimita 6 hadi 8. Anayependa ukanda wa chuma wenye meno autumie pale penye mstari ulionyooka tu.

Mwisho ni kitambaa cheusi cha chini na miguu. Miguu ya sentimita 15 yenye skrubu ya milimita 8 iingie kwenye nati iliyozamishwa ndani ya mbao, isifungwe kwa bamba la skrubu fupi kwenye plaiwudi moja, maana kochi hili husukumwa kwa mgongo zaidi ya sofa.

Likikataa

Mikunjo ya wima katikati ya mgongo: mvuto wa wima hautoshi, au ziada haikutolewa kwenye mshono. Fungua chini, usifungue juu.

Mikunjo ya mshazari inayoelekea mkono mmoja: alama ya katikati imehama. Hakuna njia ya mkato, pini zote za upande huo zitoke.

Uvimbe juu ya mkono, pale unapoanza kupinda: michano haijafika karibu na mstari, au pamba imejikunja ndani. Papasa kwanza kabla ya kuchana.

Kiti kinaegemea nyuma baada ya miezi michache: ncha za nyuma za springi zimetoka kwenye klipu kwa sababu hazikukunjwa. Kunja ncha ya kila springi irudi nyuma kabla ya kuifunga.

Mabaki ya kitambaa, walau kipande cha sentimita 30 kwa 30, yapigie pini ndani ya kitambaa cheusi cha chini. Likichanika mkono miaka mitatu ijayo, fundi yeyote atakayelipindua ataikuta rangi ileile.